Kusimama Katikati ya Mteremko

Mjomba wangu alianza kupanda kigari kwa kusimama kwa sababu ya suruali. Nalisema hili mapema kwa kuwa siku hizi wako watu Makambako, wengine wana vitambi na maduka, wanaodai kwamba wao ndio waliouanzisha mchezo ule. Waongo. Mimi nilikuwepo, na suruali yenyewe nilikuwa naishona mimi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mwenye pesa ya kununua mahindi alinunua, mwenye lori alipakia, na mji uliokuwa unalala saa mbili ulianza kukesha. Malori yalijipanga juu, kando ya barabara ya Njombe, na maghala yalikuwa chini, sokoni. Katikati palikuwa na kipande cha lami chenye mteremko wa kutosha kumtia mtu adabu. Makuli walisukuma magunia kupanda, wakashuka mikono mitupu, wakasukuma tena. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa mmoja wao. Alikuja kutoka kijijini kwetu kando ya Njombe akiwa kijana mwenye shingo nene, akisema atafanya ukuli msimu mmoja tu. Wakati ninaouzungumzia alikuwa amekwisha vuka miaka thelathini na bado alikuwa anausema huo msimu mmoja.

Kigari kilikuwa kitu rahisi. Ubao mnene wa mpaina, chini yake mihimili miwili ya muwati, na kwenye ncha za mihimili beringi nne zilizoombwa gereji, zile zilizokwisha tolewa kwenye malori. Gunia lilikaa juu, kuli akasukuma kwa nyuma huku ameinama. Wakati wa kushuka, makuli walikalia vigari vyao na kuteleza mpaka sokoni, beringi zikipiga kelele za kuudhi mji mzima. Ndipo suruali ya mjomba ikatoboka makalioni. Nikaiziba. Ikatoboka tena, nikaiziba kwa kitambaa cha rangi nyingine, na mara ya tatu mama akanikataza, akasema kwa Kibena kwamba mtu mzima anayekalia beringi atafute mke wa kumshonea. Kesho yake mjomba akashuka amesimama.

Nilikuwa kwenye banda la mama la chai, katikati ya mteremko, pale njia ya msikitini inapotokea. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipendeza, na nilikuwa namimina chai kwa hasira. Nikamwona mjomba anakuja, magoti yamekunjwa kidogo, mikono imetanuka, uso umetulia kama wa mtu aliyepumzika nyumbani kwake. Alipofika usawa wa banda akashusha kisigino cha mguu wa nyuma kwenye lami, taratibu, akasimama mbele yangu na kuniomba chai. Alikuwa amevaa makatambuga, ndala za tairi, na kisigino kilikuwa kinatoa harufu ya mpira ulioungua. Nilimpa ile chai bure, jambo ambalo mama hakulipenda.

Basi kila kuli akataka kusimama. Walianguka, wakachunika, wakasimama tena. Kisha wakaanza kushindana nani anafika sokoni kwanza, aliyeshindwa akinunua chapati. Vijana wa Njombe, waliokuwa wanaleta viazi, wakaona, wakaenda kutengeneza vya kwao, na huko kwao hakuna haja ya kutafuta mteremko. Baada ya misimu kama miwili hivi mchezo ukawa na Jumapili zake, alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula. Vijana wawili wenye vitambaa vyekundu walizuia magari juu na chini. Mstari wa kumalizia ulichorwa kwa chokaa. Akapatikana mtu wa kipaza sauti, na kwa kuwa mtu huyo ndiye aliyekuwa ananadi kuku na maboga kanisani kwetu siku za mavuno, alitangaza mbio kama mnada, na wakati mwingine alisahau akauliza nani anaongeza.

Kisha ikaja skeiti. Kijana mmoja wa Njombe aliitoa kwenye mitumba, ndani ya robota la viatu. Muuzaji hakujua ni kitu gani, alikuwa anapangia viatu vya watoto juu yake. Ilikuwa na ubao mwembamba uliopinda ncha zote mbili na magurudumu ya plastiki ngumu yasiyo na mkwaruzo, na iliposhuka haikupiga kelele. Makuli hawakuipenda kwa hilo. Walisema kitu kinachokuja bila sauti ni cha wezi. Lakini ilikuwa na mbio, na yule kijana alikuwa mwepesi, mrefu, mwenye raba nyeupe alizozipenda kuliko chakula. Mbio za kwanza alizokuja nayo, alikosa kidogo tu kumpita mjomba.

Mambo yakawa makubwa Alhaji alipoingia. Huyu alikuwa mwenye malori, aliyekuja kutoka Kondoa zamani na lori moja bovu, na sasa alikuwa na msururu. Mtu mpole, asiyependa maneno mengi, na alichokisema mbele ya watu hakukirudisha. Alisimama Jumapili moja, akachukua kipaza sauti kwa vidole viwili, akasema kwamba mbio zijazo atakayeshinda atakuwa utingo kwenye lori lake la Songea, na akionyesha akili atafundishwa kuendesha. Alisema mtu anayejua kukaa juu ya kitu kinachokwenda anafaa kukaa juu ya lori.

Nadhani hakuna aliyelisikia neno lile kama mjomba alivyolisikia. Mgongo wake ulikuwa umeanza. Asubuhi alikuwa anainuka kwa vipande, kwanza mkono, kisha goti, kisha analaani, na mama alikuwa anamkanda kwa maji ya moto akijifanya kumgombeza. Kuli hana pa kwenda akizeeka. Utingo ana pa kwenda, anakuwa dereva, na dereva miaka ile alikuwa bwana mkubwa, watoto walimkimbilia kumpokea mzigo. Siku hiyo hiyo mjomba alikwenda gereji, akachagua beringi mpya kwa kuziviringisha sikioni moja moja, na kwa muda wote uliobaki kabla ya mbio hakugusa pombe yoyote, gunge wala ulanzi. Nilimtakia lile lori kuliko nilivyowahi kujitakia kitu mimi mwenyewe.

Siku yenyewe upepo ulikuwa mkali, upepo wetu ule wa Makambako unaoingia mpaka ndani ya vikombe. Watu walijaa pande zote mbili, lakini wengi walikuwa chini, kwenye chokaa, na Alhaji alikuwa huko kama mwamuzi. Mimi nilibaki bandani na birika langu. Wakaachiwa. Nilizisikia beringi kabla ya kuona mtu, kisha mjomba akatokea kwenye kona akiwa mbele, nyuma yake kidogo kijana wa skeiti, na wengine mbali. Alikuwa anashinda. Ilikuwa wazi hata kwa mimi niliyekuwa nimeziba macho kwa vidole.

Ndipo jeneza likatoka kwenye njia ya msikitini.

Miaka ile tulikuwa tunazika mno, mji wote wa barabarani ulikuwa unazika, na wale vijana wa vitambaa vyekundu wasingeweza kuuzuia msiba. Marehemu alikuwa fundi cherehani mzee, mgeni kutoka Tabora, aliyekuwa na cherehani moja kwenye baraza la duka na hakuwa na ndugu mjini. Wabebaji walikuwa wachache. Waliingia barabarani kwa mwendo ule wa haraka wa Waislamu wanapokwenda makaburini, sauti zao zikikatwa na upepo, wakageuka kushuka.

Kwetu msiba ukipita unashuka kwenye baiskeli, unavua kofia, unasimama. Hakuna anayefundishwa, unakua nalo. Mjomba alishusha kisigino. Niliona moshi. Akasimama hatua chache tu nyuma ya jeneza, akakichukua kigari kwapani, akavua kofia. Makuli waliokuwa nyuma wakajitupa majanini mmoja mmoja. Kijana wa skeiti peke yake hakusimama. Alipita pembeni ya jeneza, karibu sana, mikono yote miwili kichwani, akatokomea chini.

Mjomba akanijia, akanipa kigari, beringi zikiwa bado za moto zikaniunguza mkono, na akaenda kuingiza bega lake chini ya jeneza. Kule chini watu walikuwa wameliona mara tu lilipotokea, na wakafanya walichozoea kufanya. Wakaiacha ile chokaa, wakapanda kulipokea, migongo ikiwa kwenye mstari. Waliokuwa Waislamu wakapokezana kubeba, waliokuwa Wakristo wakafuata nyuma, yule wa kipaza sauti akakizima na kufuata naye. Alhaji alishika mti wa mbele wa jeneza. Kwa hiyo kijana wa Njombe alipovuka mstari, hapakuwa na mtu wa kumwona isipokuwa mbwa na mama mmoja aliyekuwa anauza njugu, naye alikuwa ameinamisha kichwa.

Waliporudi kutoka makaburini jua lilikuwa limepoa. Kijana alikuwa bado yuko pale, amekaa juu ya skeiti yake kwenye chokaa, amejikunyata. Watu walimzunguka, na maneno yaliyotoka sitayaandika yote. Walimwita mtu asiye na mama. Wengine waliapa kwamba waliona amenyanyua mikono akishangilia juu ya maiti. Yeye alikuwa anasema kitu kwa sauti ndogo na hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Niliposhuka na kigari cha mjomba mkononi, ningekuwa mwongo nikisema nilimhurumia. Nilikuwa naona mbele yangu lori, na mjomba ndani yake.

Alhaji akanyamazisha watu kwa kunyanyua mkono. Akasema yeye aliahidi, na ahadi yake ipo, lakini hawezi kuweka kwenye gari lake mtu anayempita maiti. Gari linakutana na misiba kila siku. Akamgeukia mjomba.

"Wewe ulikuwa mbele, na ulisimama. Nafasi ni yako. Kesho alfajiri uje."

Watu walipiga makofi. Mimi niliruka. Nilimwona mjomba anamwangalia Alhaji, kisha anamwangalia kijana, kisha anaziangalia zile raba nyeupe kwa muda mrefu mno. Na nikajua, sijui nilijuaje, kwamba sasa anakwenda kuharibu.

"Alhaji, huyu hakukataa kusimama," alisema. "Hajui kusimama. Ile mikono kichwani hakuwa anashangilia, alikuwa analia. Sikuzote anafika kwenye tambarare ndipo kile kitu kinaishiwa mbio chenyewe. Mnajua kumwona anavyokwenda, hamjawahi kumwona anavyosimama."

Alhaji akauliza kama anaweza kulithibitisha hilo. Mjomba akamchukua kijana kwa mkono wakapanda juu, na sisi wote tukabaki tunatazama barabara. Wakashuka pamoja, mmoja na makelele yake, mwingine bila sauti. Walipofika usawa wa banda la mama, mjomba akapaza sauti akimwambia asimame, naye mwenyewe akasimama pale pale. Kijana alijaribu. Alishusha mguu kama alivyoona wenzake wakishusha, soli laini ya raba ikateleza, akapepesuka, akaingia mtaroni kichwa kwanza, na suruali ikapasuka kutoka kiunoni mpaka gotini. Watu walicheka mpaka hasira ikawaisha. Hata Alhaji aliangalia pembeni na kupangusa mdomo.

Kisha akasema lililobaki kusemwa. Kama ni hivyo, kijana amevuka mstari kwa haki na hakumdharau mtu, na ahadi ilikuwa kwa anayevuka mstari. Nafasi ni yake. Ila hatagusa lori mpaka mjomba aje kusema kwamba amejua kusimama.

Jioni ile mama alimwekea mdogo wake ugali na maharage na hakumwangalia. Mimi sikuweza kunyamaza. Nilimwambia, "Mjomba, ungenyamaza tu. Hakuna aliyekuomba hata useme uongo."

Alimega tonge, akalichovya, akalila lote kabla ya kunijibu. "Ningepanda lile lori kila asubuhi nikijua kwamba dogo hakukosa. Gunia nimelizoea, mpwa wangu. Hilo lingine sijui ningelibebaje."

Nilimwona mjinga. Nilimwona mjinga kwa miaka mingi, na sikumficha.

Kila jioni baada ya kazi alimfundisha yule kijana. Kwanza alimvua zile raba, kijana akakaribia kulia, akamkatia makatambuga kutoka tairi la nyuma la Skania. Akamfundisha kisigino, akamfundisha kutoogopa lami, akamfundisha kuanza kusimama kabla hujaona sababu. Siku alipokwenda kwa Alhaji kusema kwamba kijana amejua, alirudi sokoni moja kwa moja akainama nyuma ya gunia.

Na mbio zikabadilika. Tangu hapo chokaa ilichorwa mara mbili, mstari wa kuvuka na, mbele yake kidogo, mstari wa kutovuka. Aliyefika kwanza akapitiliza wa pili alihesabiwa hakufika. Vijana wa Njombe walilalamika msimu mzima, kisha wakaizoea, kisha wakaanza kusema kwamba ni wao walioibuni. Mjomba ndiye aliyekaa kwenye mstari wa pili, juu ya kigari chake kilichogeuzwa kuwa kiti, kwa kuwa mgongo haukumruhusu tena kushindana. Baadaye sana niliona kwenye televisheni ya hoteli moja mashindano ya skeiti ya nchi za watu. Vijana walikuwa wanaruka, ubao unazunguka chini ya miguu, waamuzi wanawapa alama. Ni wazuri, sikatai. Lakini sikuona hata mmoja akiambiwa asimame, na nikawaza kwamba Makambako wangepata shida. Kwetu mchezo ulikufa barabara ilipowekwa matuta.

Mgongo wa mjomba ulifika mahali ambapo maji ya moto ya mama hayakutosha. Wakasema apelekwe hospitali ya Ikonda, watu wanatoka mbali kwenda pale. Mabasi ya kwenda Makete yalikuwa ya kutupwatupwa, na mimi nilikuwa nawaza nitamlazaje, pale lori liliposimama mbele ya nyumba bila hata kutetemesha dirisha. Aliyeshuka alikuwa mtu mzima mwenye tumbo, amevaa koti la ngozi la mitumba. Alikuwa anakwenda Makete kufuata mbao, alisema, na ameambiwa mwalimu wake anaumwa. Kamwene, akasalimu kwa Kibena, akainama mpaka chini, akambeba mjomba mikononi kama mtoto na kumkalisha kwenye kiti cha katikati, na godoro nyuma ya mgongo.

Nitasema ukweli kuhusu safari ile. Mpaka tunaipita Njombe nilikuwa nimekasirika. Nilimtazama yule mtu alivyoushika usukani, mikono minene yenye saa, kiti chake kilichotengenezewa foronya ya kufuma, picha ya watoto wake watatu kwenye kioo, nikawaza kwamba vyote vile, pamoja na watoto, vingekuwa vya mtu aliyekaa hapa katikati akiuma meno kila tunaporuka shimo. Mjomba hakuwa anawaza hayo. Alikuwa anasikiliza injini, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akisikiliza beringi.

Ilikuwa imepita mvua, barabara ikawa ya utelezi, na tulikuwa tunashuka mteremko mrefu wenye kona huku misitu iko chini yetu. Kwenye kona moja tukakuta watu. Walikuwa wanapanda na jeneza, kwaya mbele, akina mama na mashuka yao mabegani, wakiimba Kikinga. Dereva alikanyaga breki. Lori zima na uzito wake likatulia ukingoni, taratibu, akazima injini, akafungua mlango, akashuka kwenye matope na kusimama kichwa wazi. Mimi nikashuka upande wangu. Mjomba hakuweza kushuka. Alivua kofia, akaiweka juu ya magoti, na alibaki hivyo mpaka mtu wa mwisho alipopita, mzee mmoja aliyemnyanyulia mkono.

Dereva alikuwa anapanda, mguu mmoja bado uko nje, mjomba alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Njombe.

"Umechelewa kidogo."

"Nimechelewa wapi, mwalimu?"

"Pale kwenye kona. Mpaka wa mbele wakasita kuangalia lori. Mwenye msiba hatakiwi kusita."

Yule mtu mzima na koti lake la ngozi aliinamisha kichwa kweli kweli. "Nimesikia, mwalimu," alisema.

Nilianza kucheka, na kicheko kikanigeukia kikawa kilio, nikaegemea mlango ili wasinione. Nilimpenda mjomba wangu siku ile kwa namna ambayo hasira haikuwa imeniachia nafasi ya kumpenda. Alivaa kofia yake, akaitengeneza. Dereva akawasha injini, akaingiza gia ndogo, na tukashuka polepole kwenda Ikonda.